Einstein: Akili Nyingi, Karatasi Chache

Jina la Albert Einstein si geni kwetu. Mwanafunzi akipata alama za juu katika hesabu, darasa zima humwita Einstein, na picha ya mzee yule mwenye nywele timtim tumeiona vitabuni mara nyingi. Lakini nadhani ni wachache wanaojua kwamba bingwa huyu alitumia miaka mingi ya maisha yake akijaza fomu, akihojiwa na makarani na kungojea barua za serikali, almuradi apate ruhusa ya kukaa mahali na kuitwa mwenyeji. Kanuni zake tutaachia walimu wa fizikia. Mimi leo nawasimulia habari za karatasi zake.

Einstein alizaliwa tarehe 14 Machi 1879 katika mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani, katika ufalme wa Württemberg. Wakati huo Mjerumani alihesabiwa kwanza kuwa raia wa dola yake ndogo, kwa hiyo Albert alikuwa raia wa Württemberg. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Baba yake, mzee Hermann, alifanya biashara ya mitambo ya umeme pamoja na ndugu yake mjini Munich. Mwaka 1894 biashara ikaanguka, na familia ikahamia Italia kutafuta riziki. Albert akaachwa nyuma amalize shule.

Kijana yule hakuipenda shule ile ya amri na kukariri. Isitoshe, kulikuwa na jambo jingine lililomkosesha usingizi. Sheria ya Ujerumani ilimtaka kila mwanamume kwenda jeshini. Mvulana aliyehama kabla ya kutimiza miaka 17 hakuulizwa kitu, lakini aliyechelewa kuhama kisha asirudi kutumika, huyo alihesabiwa mtoro. Basi mwishoni mwa mwaka 1894, akiwa na umri wa miaka 15, Einstein alijipatia cheti cha daktari kwamba hali yake si nzuri, akapanda gari moshi, huyoo Italia kwa wazazi.

Huko alimsihi baba yake amwandikie ombi la kuvuliwa uraia. Ombi likakubaliwa tarehe 28 Januari 1896, kwa ada ya maki 3. Ilikuwa imebaki miezi isiyozidi miwili atimize miaka 17! Tangu siku hiyo hakuwa raia wa nchi yoyote duniani, na hali hiyo iliendelea kwa miaka mitano.

Wakati huo alikuwa tayari yuko Uswisi. Alikuwa amejaribu mtihani wa kuingia Chuo cha Ufundi cha Zurich mwaka 1895 akaanguka (ndiyo, Einstein alianguka mtihani, ingawa hesabu na fizikia alizifanya vizuri), kwa hiyo akapelekwa mji mdogo wa Aarau kusoma mwaka mmoja zaidi. Alipangishwa katika nyumba ya mwalimu mmoja aitwaye Jost Winteler. Watu wa nyumba ile walimpenda kama mtoto wao, naye akawapenda. Nawaomba wasomaji mlikumbuke jina hilo la Winteler, maana tutalirudia.

Baadaye alikubaliwa katika chuo cha Zurich. Jamaa wa upande wa mama yake walimtumia faranga 100 kila mwezi za kula, kulala na kununua vitabu. Katika hizo, kila mwezi aliweka kando faranga 20. Kwa nini mwanafunzi mwenye njaa ajinyime hivyo? Alikuwa akidunduliza ada ya kuombea uraia wa Uswisi. Sisi ambao pesa za matumizi huisha kabla ya muhula kufika katikati tunaweza kukadiria ugumu wake.

Uswisi ina utaratibu wake. Mtu hawi raia wa nchi mpaka kwanza akubaliwe na mji, kisha na jimbo. Einstein alipeleka ombi lake mwaka 1899. Polisi wa mji wakamchunguza mwenendo wake, wakaandika kwamba ni kijana mwenye bidii na adabu, wala hanywi pombe. Mwezi wa Desemba 1900 aliitwa mbele ya kamati ya wazee wa mji ili wamtazame wenyewe. Hatimaye, tarehe 21 Februari 1901, akawa Mswisi. Mwezi uliofuata, kama raia wengine wa kiume, akaitwa kupimwa afya kwa ajili ya jeshi. Matokeo? Nyayo bapa, mishipa ya miguu iliyovimba, na jasho jingi miguuni. Jeshi likamkataa! Yule aliyelikimbia jeshi la Ujerumani sasa alikataliwa na la Uswisi kwa sababu ya miguu, akabaki kulipa kodi ya wasiotumika.

Karatasi ile ya uraia haikukaa bure. Mwaka 1902 aliajiriwa na serikali katika ofisi ya kuandikisha uvumbuzi mjini Bern, kazi ambayo mgeni asingeipata kwa urahisi. Alipokuwa karani katika ofisi hiyo, mwaka 1905, ndipo alipotoa zile makala zilizotikisa ulimwengu wa sayansi. Vyuo vikuu vikaanza kumgombania, na mwaka 1914 akakubali kwenda Berlin. Akarudi Ujerumani, lakini kwa sharti lake kwamba abaki Mswisi.

Hapo mambo yakachanganyika. Mwaka 1922 alipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1921. Siku ya sherehe kule Stockholm yeye alikuwa safarini Japani, kwa hiyo ilibidi balozi ampokelee. Balozi wa nchi gani? Waswisi walisema ni mtu wao. Wajerumani nao walidai ni wao, na balozi wao ndiye aliyesimama kuipokea. Wakubwa wa Berlin walishikilia kwamba aliyekula kiapo cha utumishi wa serikali ya Ujerumani amekuwa Mjerumani, apende asipende. Mwaka 1924 Einstein aliyakubali hayo, lakini pasi yake ya Kiswisi aliendelea kuitunza. Kumbe mtu akiwa na sifa, kila mmoja humwita ndugu!

Sifa hizo hazikumsaidia Januari 1933, Hitler aliposhika madaraka. Einstein alikuwa Marekani kwa ziara ya masomo. Alipovuka bahari kurejea Ulaya hakwenda Berlin. Aliteremka Ubelgiji mwishoni mwa Machi, akaenda hadi ubalozi wa Ujerumani mjini Brussels, akaikabidhi pasi yake na kuukana uraia ule kwa mara ya pili maishani. Wanazi hawakuridhika kwamba yeye ndiye aliyewaacha. Mwaka 1934 walimtangaza miongoni mwa watu waliovuliwa uraia, ili ionekane kwamba wao ndio waliomfukuza.

Julai 1933 alikuwa London. Mbunge mmoja, Oliver Locker-Lampson, alipeleka bungeni mswada wa kuwarahisishia Wayahudi waliofukuzwa kupata uraia wa Uingereza. Einstein mwenyewe aliketi juu katika viti vya wageni akisikiliza. Mswada haukufika popote.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo alifika Marekani kufanya kazi katika taasisi ya utafiti huko Princeton. Aliingia kwa viza ya mgeni wa kupita, na hapa ndipo penye kisa ninachokipenda zaidi. Mwaka 1934 mbunge mmoja wa New Jersey alitaka Bunge la Marekani limpe Einstein uraia moja kwa moja, bila kungoja. Einstein alishukuru akakataa. Hakutaka upendeleo. Huenda wengine watasema alijifanya mnyenyekevu, lakini mimi naona alijua vyema kwamba nyuma yake kulikuwa na maelfu waliokuwa wakisukumana milangoni mwa balozi za Marekani huko Ulaya. Kwa Ujerumani nzima sheria iliruhusu watu 25,957 tu kwa mwaka, na hata hao walitakiwa kuthibitisha kwamba hawatakuwa mzigo kwa serikali.

Basi akafuata njia ya kila mtu. Sheria ilisema mwenye viza ya kupita hawezi kuomba ukaazi wa kudumu akiwa ndani ya nchi. Ni lazima atoke kwanza, akaombe kwa balozi mdogo wa Marekani katika nchi nyingine. Mwishoni mwa Mei 1935 alipanda meli hadi kisiwa cha Bermuda, koloni la Uingereza, pamoja na mkewe Elsa, Margot binti wa kambo, na Helen Dukas, karani wake. Gavana aliwapokea na kuwatajia hoteli mbili kubwa. Einstein akaziona za majivuno mno, akachagua nyumba ndogo ya wageni. Siku moja alipotea saa saba! Mama Elsa akadhani Wanazi wamemteka. Kumbe bwana yule alikuwa amefanya urafiki na mpishi Mjerumani wa mkahawa, wakaenda kucheza na mashua baharini, na alipopatikana alikuwa nyumbani kwa mpishi akila vyakula vya kwao. Viza ilitoka, wakarudi, na tangu hapo Einstein hakuvuka tena mpaka wa Marekani hadi kufa.

Mwaka huohuo walinunua nyumba Princeton. Januari 1936 alitia sahihi hati ya kutangaza nia ya kuwa raia. Elsa hakuufikia mwisho wa safari hiyo, alifariki Desemba 1936. Juni 1940 Einstein alifanya mtihani wa uraia kama wageni wote, na tarehe 1 Oktoba 1940, katika mji wa Trenton, aliinua mkono na kula kiapo pamoja na Margot na Helen Dukas. Uraia wa Uswisi hakuuacha.

Miaka hiyo yote barua za watu waliotaka kutoroka Ulaya zilimfikia kwa wingi. Aliwadhamini wengi kwa hati za kiapo, kiasi kwamba sahihi yake ikapungua nguvu mbele ya maofisa. Kuna jamaa zake waliofia katika kambi za Wanazi. Dada yake, Maja, alifanikiwa kuingia mwaka 1939. Lakini mume wa Maja alizuiwa kwa sababu ya afya yake, akabaki Geneva. Jina lake? Paul Winteler, mtoto wa nyumba ileile ya Aarau iliyompokea Einstein alipokuwa kijana asiye na nchi. Shemeji mtu alikuwa mwanasayansi maarufu kuliko wote duniani, na bado mlango haukufunguka. Maja alifariki Princeton mwaka 1951. Yeye na mumewe hawakuishi pamoja tena.

Einstein mwenyewe pia hakuaminiwa kabisa. Mwaka 1940 jeshi lilimnyima kibali cha kazi za siri kwa sababu ya siasa zake, na miaka ya 1950 maofisa wa uhamiaji walichunguza kama uraia wake ungeweza kufutwa. Faili la wapelelezi juu yake lilizidi kurasa 1,400. Halikutoa kitu.

Alikufa Princeton tarehe 18 Aprili 1955, akiwa na umri wa miaka 76, raia wa Marekani na wa Uswisi. Mwili wake ulichomwa Trenton, mji uleule alikokula kiapo, na majivu yakatawanywa mahali ambapo jamaa zake hawakupataja.