Hubble: Mwanariadha aliyegeukia nyota

WAKAZI wa Ifakara na Bonde la Kilombero wakitazama kaskazini usiku wa Novemba usio na mbalamwezi wala mawingu, wanaweza kuona doa hafifu la mwanga. Hiyo ni Andromeda, galaksi iliyompatia umaarufu Edwin Hubble.

Hubble, aliyezaliwa Marekani mwaka 1889, alianza kung'ara viwanjani. Alikuwa mwanariadha shuleni, kisha akachezea timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Chicago. Baba yake alimtaka awe mwanasheria, naye mwaka 1910 akaenda Oxford, Uingereza, kusomea sheria.

Baba huyo alifariki dunia mwaka 1913. Hubble alirejea nyumbani, akafundisha sekondari na kuwanoa wachezaji wa kikapu. Mwaka 1914, akiwa na umri wa miaka 24, aliacha yote na kuanza masomo ya falaki.

Mwaka 1923, kwa darubini kubwa ya Mlima Wilson, California, aligundua katika Andromeda nyota ambayo mwanga wake huongezeka na kupungua kwa vipindi. Kwa nyota hiyo alithibitisha kwamba Andromeda iko nje ya galaksi yetu, jambo ambalo wataalamu walikuwa wakilibishania.

Alifariki mwaka 1953. Darubini yenye jina lake ilirushwa angani mwaka 1990.