Karume na Televisheni ya Zanzibar

Abeid Amani Karume alizaliwa mwaka 1905. Hakusoma shule kwa miaka mingi. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya ubaharia, akafika bandari nyingi za dunia. Aliporudi Unguja, aliongoza umoja wa wenye mashua. Mashua hizo zilichukua abiria kutoka melini mpaka pwani.

Mwaka 1957 chama cha Afro-Shirazi kilianzishwa. Karume akawa kiongozi wake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, akawa Rais wa kwanza wa Zanzibar. Mwaka huo huo Zanzibar iliungana na Tanganyika, naye akawa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Tanzania.

Karume alifanya elimu iwe bure. Alianza kujenga majumba marefu ya Michenzani. Lakini utawala wake ulikuwa mkali. Uchaguzi haukufanyika, na watu wengi walifungwa. Wengine waliuawa. Si vizuri kusimulia sifa tu na kuyaficha hayo.

Jambo moja alilotaka ni televisheni. Wengi walishangaa. Kisiwa kidogo kitawezaje? Zanzibar ilikuwa na fedha za karafuu. Tena Unguja haina milima mirefu. Mawimbi ya televisheni husafiri kwa njia iliyonyooka, na mlima huyazuia. Sisi wa Usangi tunaelewa jambo hilo, maana milima yetu imetuzunguka.

Huku Bara, Serikali iliona televisheni ni anasa. Ilitegemea redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa kwa redio, na vikundi vya watu wazima vilisikiliza na kujadili. Wakachimba vyoo na kusafisha visima. Mimi naona Bara haikukosea. Lakini Karume naye alikuwa na sababu. Mtu asiyejua kusoma hawezi kupata habari kwenye gazeti, bali picha anaiona na kuielewa.

Karume hakuiona televisheni hiyo. Aprili 7, 1972, jioni, alikuwa amekaa na wenzake Kisiwandui, mjini Unguja. Watu wenye bunduki waliingia, wakampiga risasi. Akafa.

Aboud Jumbe alishika uongozi, na kazi ikaendelea. Ilipofika Januari 1974, televisheni ilikuwa imeanza. Picha zake zilikuwa za rangi. Katika Afrika yote kusini ya Sahara, hapakuwa na nchi iliyotangulia kuonyesha picha za rangi. Hata Afrika Kusini, yenye utajiri wa dhahabu, ilianza televisheni mwaka 1976. Tanzania Bara ilingoja mpaka 1994.

Watu wengi wa Unguja hawakuwa na televisheni nyumbani. Jioni walikusanyika mahali pa watu wote, wazee kwa watoto, wakatazama pamoja. Jengo la televisheni hiyo likaitwa Jumba la Karume.