Edgar Rice Burroughs, askari asiyefaulu aliyepeleka vita nyakati za dinosaria

Anayetembea Himbi, mjini Goma, hukanyaga mawe meusi yaliyotoka tumboni mwa volkano. Nyua nyingi zimezungushiwa mawe hayo hayo, na kuna siku ambapo anga juu ya Nyiragongo huwa jekundu usiku. Mgeni akifika mara ya kwanza, ni rahisi afikiri amerudi kwenye mwanzo wa dunia. Fikira hiyo haikuanza jana. Mmoja wa watu walioieneza zaidi alikuwa Mmarekani ambaye hakukanyaga Afrika hata siku moja.

Jina lake ni Edgar Rice Burroughs, baba wa Tarzan. Alizaliwa Chicago tarehe 1 mwezi wa tisa 1875. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi la Kaskazini wakati Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, na mtoto alikua akitamani kuvaa sare kama yeye. Alisoma shule ya kijeshi katika jimbo la Michigan, akamaliza mwaka wa 1895. Kiisha akafanya mtihani wa kuingia West Point, chuo kikubwa cha maofisa. Alianguka.

Hakukata tamaa. Mwaka wa 1896 alijiandikisha kama askari wa kawaida katika kikosi cha 7 cha wapanda farasi, akatumwa Fort Grant, kwenye jangwa la Arizona. Huko pia mambo hayakwenda vizuri. Waganga waliona kwamba moyo wake una kasoro, na mwaka wa 1897 akaachishwa jeshi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuhangaika. Alichunga ng'ombe Idaho, akajaribu kuchimba dhahabu, akawa polisi wa reli katika mji wa Salt Lake City, akafanya biashara ambazo hazikudumu. Alikuwa na mke na watoto, na pesa hazikutosha. Mwaka wa 1911, akiwa na umri wa miaka 35 na akisimamia wachuuzi wa vichongeo vya kalamu, alianza kuandika hadithi nyuma ya karatasi kuu-kuu za biashara. Hadithi ya kwanza, ya askari anayejikuta katika sayari ya Mars, ilimletea dola 400.

Ya Tarzan ilifuata, ikatoka gazetini mwaka wa 1912, kwa dola 700. Hapo ndipo Burroughs aliingia Afrika, lakini kwa kalamu tu. Hakuijua hata wanyama wake. Alipoandika mara ya kwanza, alimweka chui-milia katika msitu wa Afrika. Wasomaji wakamkosoa kwamba mnyama huyo ni wa Asia, na kitabu kilipochapishwa mwaka wa 1914 akageuzwa kuwa simba jike.

Kuna jambo moja katika kitabu hicho ambalo Mkongomani hawezi kuliruka. Kijiji cha watu weusi kinachokaa karibu na Tarzan ni cha wakimbizi. Wamekimbia Dola Huru la Kongo kwa sababu ya ukatili wa watu wa Mfalme Leopold wa Pili, ambaye Burroughs anamshutumu waziwazi. Lakini ukurasa ukigeuka, wakimbizi hao hao wanachorwa kama wala watu wasio na akili, wa kuchezewa na kuuawa na mzungu aliyelelewa na nyani. Burroughs aliona uchungu wao, lakini hakuuona utu wao. Alikubali pia mawazo ya wakati ule yaliyodai kwamba binadamu wanaweza kuchaguliwa kwa damu, kama mfugaji anavyochagua ng'ombe wa mbegu.

Vita Kuu ya kwanza ilipoifikia Marekani mwaka wa 1917, Burroughs alikuwa amepita miaka 40. Hakupelekwa Ulaya, alipewa cheo cha afisa katika wanamgambo wa akiba wa jimbo la Illinois. Mwaka wa 1918 akatoa gazetini hadithi ya nchi iliyosahauliwa na wakati. Humo alifanya kile ambacho wengi wamekiiga baadaye: alichukua askari wa siku zake, na silaha zao, akawatupa katika nyakati za kale kabisa.

Nyambizi ya Wajerumani, U-33, inazamisha meli. Mmarekani mmoja aliyeokoka, pamoja na mabaharia Waingereza, wanaiteka nyambizi hiyo. Wanapotea njia baharini, chakula na mafuta yanapungua, hadi wanafika kwenye kisiwa kilichozungushwa na kuta za mawe. Ndani yake dinosaria bado wako hai. Hakuna mashine ya kurudisha wakati nyuma. Kisiwa chenyewe ndicho wakati: kusini kuna viumbe wa zamani zaidi na watu wanaofanana na nyani, na kadiri unavyopanda kaskazini, watu wanakuwa kama sisi.

Maadui wanalazimika kufanya mapatano. Wanajenga ngome pamoja, wanawinda pamoja, wanapata mafuta ya kuendeshea nyambizi. Kisha Wajerumani wanavunja ahadi, wanaipiga ngome kwa mizinga na kuondoka na nyambizi, wakiwaacha wenzao kati ya wanyama. Katika sehemu hiyo, kinachoumiza zaidi si meno ya dinosaria. Ni mtu wa karne ya 20 kumsaliti mtu wa karne ya 20. Sisi wa Goma, tulioona mapatano mangapi yakivunjika, hatuhitaji kufafanuliwa.

Burroughs alitajirika. Sinema ya kwanza ya Tarzan ilitoka mwaka huo huo wa 1918. Mwaka wa 1919 alinunua shamba kubwa California, akaliita Tarzana, na leo mtaa mzima wa Los Angeles una jina hilo. Tarehe 7 mwezi wa kumi na mbili 1941 alikuwa Honolulu wakati Wajapani walipopiga Pearl Harbor. Alikuwa na miaka 66. Akaomba kazi ya mwandishi wa habari za vita, akaipata. Vita alivyovikosa ujanani vilimfikia uzeeni.

Aliaga dunia tarehe 19 mwezi wa tatu 1950, akiwa na miaka 74.

Mwaka huo huo wa 1950, mtaalamu Mbelgiji Jean de Heinzelin alikuwa akichimba Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, hapa kwetu Kivu Kaskazini. Alikuta vyusa vya mifupa vya kuvulia samaki. Akakuta pia mfupa mdogo, wa urefu wa sentimita 10 hivi, wenye kipande cha jiwe gumu kwenye ncha na mistari iliyokatwa kwa makundi katika safu tatu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000. Wataalamu bado wanabishana kama ni hesabu, kalenda ya mwezi au kitu kingine. Lakini aliyeikata mistari ile hakuwa nyani wa hadithi. Alikuwa mvuvi mwenye mawazo yake.

Mfupa huo umehifadhiwa Brussels, na Tarzan yuko kila mahali. Muulize mtoto wa Himbi Tarzan ni nani, kisha muulize Ishango ni wapi. Akijibu swali la kwanza na kunyamaza kwa la pili, usimlaumu. Mwambie kwamba nyakati za kale za kweli ziko katika jimbo lake mwenyewe, na watu wake walikuwemo.