Madam C. J. Walker: Dobi Aliyenyonyoka Nywele

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sarah Breedlove alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867 huko Delta, Louisiana, Marekani, na wazazi waliokuwa wametoka utumwani. Akawa yatima akiwa na umri wa miaka 7, na mjane akiwa na miaka 20. Huko St. Louis alimlea bintiye kwa kufua nguo za watu.

Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa ngozi ya kichwa ulimnyonyoa nywele, masaibu yaliyowapata wanawake wengi Weusi waliokosa maji ya mfereji nyumbani. Aliuza kwanza dawa za Annie Turnbo. Mnamo 1906, huko Denver, akaanza kuuza mafuta yake mwenyewe yenye salfa, akitumia jina la mumewe. Aliwafunza maelfu ya mawakala kuosha kichwa mara kwa mara.

Aliposhutumiwa kwamba anawanyosha Weusi nywele wafanane na Wazungu, alikana, akisema lengo lake ni afya ya nywele. Hata hivyo, chanuo la chuma lililopashwa moto lilikuwemo katika mfumo wake.

Alifariki tarehe 25 Mei 1919. Mjadala huo haujazikwa naye. Wala haufuti ukweli kwamba wanawake waliozoea karai la dobi walipata kupitia kwake kipato chao wenyewe.