Clement Gillman: Injinia wa reli aliyegeukia takwimu

Vijana wengi wanauliza kozi gani ina ajira, na siku hizi majibu yanayorudi ni uhandisi na uchambuzi wa takwimu. Leo tumkumbuke jamaa aliyezichanganya zote mbili hapa hapa nchini, kabla kompyuta hazijakuwepo.

Clement Gillman alizaliwa Madrid, Hispania, mwaka 1882, baba Mwingereza na mama Mjerumani. Akasoma uhandisi Zurich, Uswisi. Mwaka 1905 akatua Dar es Salaam, enzi za Mjerumani, akaingia kwenye ujenzi wa reli ya kati. Reli ilifika Morogoro 1907, ikapita Kilosa, ikagonga Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mjerumani alipoondoka, Gillman alirudi kazini chini ya Mwingereza na akapanda hadi kuwa mhandisi mkuu wa reli ya Tanganyika.

Sasa utamu uko hapa. Huyu bwana hakuishia kwenye mataruma na madaraja. Kila safari aliandika kwenye shajara yake: udongo, miti, mito, vijiji. Aliandika hivyo miaka na miaka. Halafu akachukua hesabu za watu zilizokuwa zimelala kwenye mafaili ya serikali, akaziweka kwenye ramani vitone kwa vitone. Ramani hiyo ilitoka 1936 na ikashtua watu: zaidi ya nusu ya nchi ilikuwa haina watu, wakati kwingine wamebanana. Kwa nini? Jibu lake kubwa lilikuwa maji. Panapopatikana maji mwaka mzima ndipo watu walipo. Baadaye serikali ikamfanya mshauri wa maji. Alifariki 1946, na ramani yake ya uoto wa Tanganyika ikatoka 1949, yeye akiwa kaburini.

Tusimpambe kupita kiasi lakini. Alitumikia serikali mbili za kikoloni, na zile hesabu zilikusanywa na makarani na majumbe wa Kiafrika ambao majina yao hayapo kwenye ramani.

Ila somo lake sisi wa Kilosa tunalijua kwa machungu. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika, maelfu wakakosa makazi, reli ikasombwa. Injinia asiyejua mvua ya juu milimani inashuka kiasi gani, anajenga kwa kubahatisha tu. Tangu 2024 treni ya umeme inapita Kilosa kwenda Dodoma, lakini mto ni ule ule, na lazima kuwe na mtu wa kuupima kila siku.

Kwa hiyo wewe uliyepo kafe hapo, ukichagua takwimu au uhandisi, usidhani ni kazi ya kukaa ofisini tu. Gillman alianza kwa miguu na daftari. Mto wa kwenu unaujua wewe kuliko mtu yeyote wa Dar.

Mnasemaje wadau? Nani ataanza kupima Mkondoa?