ALPHONSE PÉNAUD, KIJANA ALIYERUSHA NDEGE KWA MPIRA

Ndugu msomaji, ukiulizwa ni nani walioanza kurusha ndege, bila shaka utawataja Wilbur na Orville Wright wa Marekani. Si vibaya. Lakini hata hao kina Wright walichota maji katika kisima cha mwingine, Mfaransa Alphonse Pénaud. Wanaounda ndege ndogo za mbao wanamjua sana. Sisi wengine hatumjui, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Pénaud alizaliwa mwaka wa 1850. Baba yake alikuwa mkubwa katika jeshi la majini, naye alitaka kuwa mwanamaji vilevile. Maskini, ugonjwa wa nyonga ukamharibia. Bahari ilipomkataa, akageuza macho angani.

Wakati huo shida kubwa ilikuwa nguvu ya kuendesha ndege. Mashine za mvuke zilikuwa nzito mno. Mwaka wa 1870 Pénaud alichukua mpira, akausokota. Mpira uliosokotwa hutaka kujifungua, na ukijifungua huzungusha rafadha. Ni kitu rahisi kabisa, hata sisi tunaochezea mipira ya tyubu za baiskeli tunakielewa.

Agosti 1871, katika bustani ya Tuileries mjini Paris, aliwaonyesha watu ndege aliyoiita Planophore. Urefu wake ulikuwa kama nusu mita na uzito gramu 16 tu, yaani kalamu tatu hivi! Rafadha ilikuwa nyuma, ncha za mabawa zilikunjwa juu kidogo, na mkiani kulikuwa na bawa dogo la kuisawazisha. Ikaruka kwa sekunde 11 bila rubani wala kuyumba.

Mimi niliamini jambo hili mwalimu wetu wa Fizikia alipotuletea sanduku lenye ramani na vipande vya mbao vilivyokatwa tayari. Tuligundisha mbavu za mabawa moja moja, tukafunika kwa karatasi nyepesi. Bila mkia, ndege ilipiga pua chini palepale. Tulipoutia, ikateleza hewani taratibu. Nikasema, kumbe huyu jamaa alijua!

Mwaka wa 1876, yeye na fundi Paul Gauchot walisajili mchoro wa ndege kubwa ya watu wawili, yenye magurudumu ya kukunjwa na uwezo wa kuanzia majini. Alitafuta wafadhili asipate. Wengine walimcheka. Mwishowe aliziweka karatasi zake katika jeneza dogo la mbao, akampelekea mhandisi Henri Giffard. Oktoba 1880 akajitoa uhai, akiwa na miaka 30 tu.

Cha kusikitisha ni kwamba mbegu yake ilikuwa imeshaota. Mwaka wa 1878, huko Marekani, Mzee Milton Wright aliwaletea wanawe kidude cha kuruka kwa mpira, cha mtindo uleule wa Pénaud. Wilbur alikuwa na miaka 11, Orville 7. Walikichezea mpaka kikavunjika, wakaunda vingine. Tarehe 17 Desemba 1903 Orville aliruka kwa sekunde 12 katika ndege yenye injini.

Wenzangu, mwenzako akikuonyesha wazo lake, usimcheke. Nawe ukilemewa, usinyamaze, mwambie rafiki au mwalimu. Wahenga walinena kuwa mvumilivu hula mbivu, lakini mimi naongeza kwamba hata mvumilivu anahitaji mtu wa kumshika mkono.