Maisha ya Sonja Henie, Bingwa wa Barafu



Kila muhula, matokeo ya mitihani yanapobandikwa ubaoni, huyasikia maneno yale yale. Mmoja akipata alama nzuri, wenzake husema kwamba yule kazaliwa na akili. Mwingine akishindwa, hujituliza kwa kusema kwamba Mungu hakumjalia kichwa cha hesabu. Nimekuwa mwalimu kwa miaka mingi, na maneno haya hunisikitisha. Aliyefaulu hunyimwa sifa ya jasho lake, na aliyeshindwa hupata mahali pa kujificha.

Basi muhula huu nimeona heri nisiwahubirie, bali niwaeleze habari za maisha ya mwanamke mmoja wa Norwei, Sonja Henie. Alikuwa bingwa wa kuteleza juu ya barafu, na watu wamebishana sana kama ubingwa wake ulitokana na kipaji au na bidii. Mkisha kusoma, amueni wenyewe.

Kwanza yafaa niueleze mchezo wenyewe, maana wengi wetu hatujauona. Katika nchi za kaskazini, wakati wa baridi maji ya maziwa huganda yakawa magumu kama sakafu. Mchezaji huvaa viatu vilivyotiwa ubapa wa chuma chini ya nyayo, akateleza juu ya barafu hiyo, akaruka, akazunguka kama pia, akacheza kwa kufuata muziki. Waamuzi humtazama na kumpa alama. Lakini zamani zile kuruka na kuzunguka hakukutosha. Kabla ya hapo kila mchezaji alitakiwa achore juu ya barafu, kwa ule ubapa wa kiatu na kwa mguu mmoja, maduara na maumbo mengine kama tarakimu ya nane. Alirudia juu ya alama zile zile, na waamuzi waliinama kuchunguza kama mistari imepotoka. Zaidi ya nusu ya alama zote zilitoka katika kazi hiyo ya kuchosha. Michoro hiyo iliondolewa katika mashindano ya dunia baada ya mwaka 1990, lakini katika siku za Sonja hakuna aliyeweza kuwa bingwa bila ya kuijua.

Sonja alizaliwa tarehe 8 Aprili, 1912, katika mji wa Kristiania, ambao tangu mwaka 1925 unaitwa Oslo. Baba yake, Wilhelm Henie, alikuwa mfanyabiashara tajiri wa ngozi za manyoya. Tena alikuwa mwanamichezo hodari, kwani mwaka 1894 alipata kuwa bingwa wa dunia katika mbio za baiskeli. Mama yake aliitwa Selma, na kaka yake Leif. Alipokuwa na miaka kama sita hivi, Sonja alipata viatu vya kutelezea, akaanza kumfuata kaka yake kwenye barafu. Mara ikaonekana kwamba mtoto huyu ana mwili mwepesi na hana woga. Hata akifika miaka 10 alikuwa amekwisha kuwashinda wanawake wazima wa nchi yake.

Hapo wale wanaoamini kipaji watasema: mnaona? Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nami sikatai. Mtu asiye na wepesi wa mwili hawezi kuwa bingwa wa nchi akiwa na miaka kumi. Lakini tazameni yaliyofuata.

Mwaka 1924 Sonja alipelekwa Chamonix, katika Ufaransa, kwenye Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, ambayo ilikuwa ya kwanza duniani. Alikuwa na miaka 11 tu. Katikati ya mchezo wake alikimbilia pembeni kumwuliza mwalimu wake afanye nini baadaye. Wanawake walioshindana walikuwa wanane, naye Sonja akawa wa nane. Aliyeshinda alikuwa Herma Szabo wa Austria, mwanamke aliyekuwa bingwa wa dunia mara tano mfululizo. Kipaji kilichomfanya awe wa kwanza kwao kilimfanya awe wa mwisho mbele ya wageni.

Wengi wetu, tukiwa wa mwisho darasani, hufunga madaftari. Sonja alirudi kwao akaanza kazi upya. Masomo alifundishwa nyumbani na walimu wa kuajiriwa, ili siku yake igawanywe kwa kufuata mazoezi. Wakati wa kiangazi, barafu ilipoyeyuka Norwei, alifuata barafu katika nchi nyingine za Ulaya. Alivutiwa sana na uchezaji wa Mrusi Anna Pavlova, mcheza dansi ya baleti aliyekuwa na sifa duniani kote, naye akajifunza baleti ili viungo vyake viende na muziki. Zaidi ya hayo, mwaka baada ya mwaka aliyachora yale maduara, maelfu kwa maelfu. Hakuna mtu azaliwaye akijua kuchora duara juu ya barafu kwa mguu mmoja. Huo ni ujuzi unaopatikana kwa kurudia tu, kama vile jedwali la kuzidisha.

Mwaka 1926 alikuwa wa pili katika mashindano ya dunia, nyuma ya Herma Szabo. Mwaka 1927 mashindano yakafanyika Oslo, na Sonja, akiwa hajatimiza miaka 15, akawa bingwa wa dunia. Lakini ushindi huo ulileta manung'uniko. Waamuzi walikuwa watano, na watatu kati yao walikuwa watu wa Norwei. Hao watatu walimchagua Sonja, na wawili wageni walimchagua Szabo. Baadaye chama cha mchezo huo duniani kikaweka sheria kwamba kila nchi itoe mwamuzi mmoja tu. Sheria hiyo ilikuwa ya haki, na ilimfaa hata Sonja, kwa kuwa tangu hapo aliposhinda, ilikuwa vigumu kusema ameshinda kwa kupendelewa na ndugu zake.

Na kushinda alishinda. Katika Olimpiki ya mwaka 1928 huko St. Moritz, katika Uswisi, alipata nishani ya dhahabu akiwa na miaka 15. Mpaka mwaka 1998 hakuna msichana mdogo kuliko yeye aliyeipata katika mashindano ya mchezaji mmoja mmoja. Akaipata tena mwaka 1932 huko Lake Placid, Marekani, na mara ya tatu mwaka 1936 huko Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani. Ubingwa wa dunia aliushika mara kumi mfululizo, tangu 1927 mpaka 1936, na ule wa Ulaya mara sita. Alibadili hata mavazi ya mchezo, kwani alivaa sketi fupi isiyomzuia miguu, na viatu vyeupe, na wengine wakamwiga.

Lakini msidhani kwamba bidii ilikuwa ya Sonja peke yake. Katika mwaka ule wa 1936 alifuatwa kwa karibu sana na msichana Mwingereza, Cecilia Colledge, mwenye miaka 15. Cecilia naye alikuwa amefanya mazoezi makali tangu utoto wake. Tena katika mashindano ya Ulaya ya mwaka huo huo alikuwa mwanamke wa kwanza kuruka na kujizungusha mara mbili hewani katika mashindano. Hata hivyo dhahabu ya Olimpiki ilikwenda kwa Sonja. Ilimbidi Cecilia angoje mpaka mwaka 1937, Sonja alipokwisha kuacha mashindano, ndipo akawa bingwa wa dunia. Kwa hiyo simwambii mwanafunzi kwamba akijitahidi lazima atakuwa wa kwanza, maana huo ungekuwa uongo. Namwambia kwamba asipojitahidi hatajua kamwe angefika wapi.

Tena lazima niseme jambo la tatu, ambalo wenye kubishana juu ya kipaji na bidii hulisahau. Nalo ni fedha. Baba yake Sonja aliweza kulipa walimu, safari na nguo. Watoto wangapi wa wavuvi wa Norwei walikuwa na wepesi kama wake, na bidii kama yake, lakini hawakupata wa kuwanunulia hata nauli? Wazazi wanaosoma ukurasa huu wananielewa. Ada na madaftari mnayonunua kwa shida ni sehemu ya kila cheti kinachopatikana hapa. Mwanafunzi anayejua hivyo hapotezi saa ya masomo.

Baada ya 1936 Sonja alikwenda Marekani akawa mcheza sinema. Picha yake ya kwanza huko, iliyotoka mwishoni mwa mwaka huo, ilipendwa mno, naye akawa mmoja wa wachezaji waliolipwa fedha nyingi kabisa. Mwaka 1941 akawa raia wa Marekani. Hata hivyo maisha yake hayakuwa na sifa tupu. Mwaka 1936, alipokuwa Berlin, alimwamkia Hitler kwa salamu ya Kinazi, na magazeti ya kwao yakamlaumu. Mwaka 1940 majeshi ya Hitler yalipoivamia Norwei, watu wengi walilikumbuka tendo lile, wakasema pia kwamba hakuisaidia nchi yake inavyostahili. Miguu yaweza kufundishwa kwa miaka ishirini isiteleze ovyo, na mtu akateleza kwa mkono mara moja tu. Mwaka 1953 alirudi Oslo kuonyesha mchezo wake, na watu wakajaa kumtazama.

Mwaka 1956 aliolewa na Niels Onstad, tajiri wa meli wa Norwei, wakakusanya picha nyingi za wachoraji wa kisasa. Mwaka 1968 walifungua jumba la sanaa huko Høvikodden, karibu na Oslo, nalo ni zawadi yao kwa nchi yao. Sonja alikuwa na maradhi ya saratani ya damu. Alifariki tarehe 12 Oktoba, 1969, katika ndege iliyokuwa ikimpeleka kutoka Paris kwenda Oslo, akiwa na miaka 57.

Mimi naona hivi. Kipaji kilimfikisha Sonja Chamonix, akawa wa nane. Kilichomtoa katika nafasi ya nane mpaka ya kwanza ni maduara yale aliyoyarudia bila ya watu kumpigia makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyepewa nafasi ya kuchagua kipaji atakachozaliwa nacho, wala mfuko wa baba yake. Saa mbili za maandalio ya usiku, hizo kila mmoja wetu amepewa sawa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.